Faragha na Sitara: Kiswahili cha Programu za Mtandao Kikisomwa kutoka Faza

Imekuwa desturi yetu wahakiki kudhani kwamba kazi yetu huanza penye shairi, riwaya au tamthilia, na kwamba maandishi yasiyokuwa hayo ni shughuli ya watu wengine. Lakini maandishi ya Kiswahili yasomwayo mara nyingi zaidi hivi leo hayamo katika vitabu. Yamo katika simu. Mvuvi wa Faza asiyepata kufungua diwani hata moja husoma kila siku maneno kama akaunti, wasifu, nenosiri na mipangilio ya faragha, na chini yake kitufe cha kukubali. Maneno hayo yametungwa na mtu. Yana msamiati wake na mpangilio wake wa sentensi. Kuna nafsi isemayo na nafsi isemeshwayo. Basi yastahili kuhakikiwa kama maandishi mengine yoyote.

Katika makala haya nitachunguza jambo moja: jinsi Kiswahili hicho kinavyomtaja mtu na mambo yake ya ndani, wakati mtu huyo ana sura yake katika programu nyingi kwa mara moja. Nitakilinganisha na lugha ambayo watu wa kisiwa cha Pate, ambamo mna Faza, Siyu, Kizingitini na Pate yenyewe, wameitumia kwa jambo hilo hilo kabla ya kuwako simu.

Kazi ya watafsiri si ya kubezwa. Mwaka 2004 mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Mwaka 2009 Facebook ikapata sura ya Kiswahili, na nyingine zikafuata. Waliofanya kazi hiyo walikabili mamia ya dhana zisizokuwa na jina, nao wakatoa majina. Kwamba tunaweza leo kubishana juu ya uzuri wa majina hayo ni kwa sababu yao.

Tuanze na neno "wasifu", ambalo ndilo ukurasa wa mtu katika programu: picha yake, jina lake, kazi yake, mahali alipo. Katika istilahi zetu za fasihi tumezoea kutenga wasifu na tawasifu. Wasifu ni habari za mtu ziandikwazo na mwingine. Tawasifu ni habari aziandikazo mwenyewe. Kwa kanuni hiyo mtafsiri amekosea, maana ukurasa ule hujazwa na mwenyewe, na ungalipasa kuitwa tawasifu. Lakini tukitazama zaidi twaona kwamba kosa hilo limesema kweli kuliko usahihi. Yale anayoyaandika mtumiaji kwa mkono wake ni sehemu ndogo ya habari zake zilizomo mle. Sehemu kubwa huandikwa na wenye programu: saa aamkapo, watu asemao nao zaidi, mahali alipokuwa jana, bidhaa aliyoitazama akaiacha. Habari hizo hukusanywa kutoka programu moja na kuunganishwa na za programu nyingine, naye hazisomi. Huo ni wasifu kwa maana kamili ya neno.

Neno jingine lililosema kweli, na safari hii nashuku kuwa mtafsiri alijua alifanyalo, ni "vidakuzi". Ni vile vijalizo ambavyo tovuti huviweka katika kompyuta au simu ya msomaji ili imtambue arudipo, na ambavyo vyaweza kumfuata kutoka tovuti hii hadi ile. Kiingereza huviita kwa jina la biskuti, jina lisiloudhi mtu. Kiswahili kimeviita kwa mzizi wa udaku na mdakuzi, yaani mtu apenyezaye sikio penye mambo ya watu kisha akayatoa nje. Msomaji wa pwani aulizwapo kama anakubali vidakuzi ameambiwa waziwazi kwamba mdakuzi yuko mlangoni. Katika msamiati wote wa programu hizi sijaona neno lililo bora kuliko hilo, na ni ajabu kwamba wenye mali hawajalalamika.

Sasa tufike penye neno lenyewe, "faragha". Hili ndilo lililochaguliwa kuwa kichwa cha kila sera na kila mpangilio, na limo pia katika tafsiri ya Katiba ya Kenya ya 2010, ambayo kifungu chake cha 31 chalinda haki hiyo. Asili yake ni Kiarabu, kutoka mzizi wenye maana ya utupu: mahali pasipo na watu, wakati usio na shughuli. Kusema na mtu faraghani ni kutoka mbele ya watu na kwenda kando. Neno ni zuri, lakini lina upungufu mmoja ambao mhakiki hana budi kuutaja. Faragha haina mtenda. Ni hali au ni mahali. Mtu huwa nayo au hukosa kuwa nayo, nasi hatuwezi kulifanya kitenzi tukasema nani amemfaragha nani. Kwa hiyo sentensi za programu zinapotaka kutumia neno hili hulazimika kuazima kitenzi kutoka kwingine, na kitenzi hicho karibu kila mara ni amri apewayo mtumiaji: linda faragha yako, kagua faragha yako, dhibiti faragha yako. Wenye programu nao husema wanaithamini. Mmoja anathamini, mwingine analinda. Kazi yote imeangukia upande mmoja.

Huku kwetu kisiwani neno lililotangulia katika jambo hili ni sitara. Mzizi wake ni wa kufunika, nalo lina kitenzi chake kamili chenye minyumbuliko yote: sitiri, sitiriwa, sitiriana, jisitiri. Mja humwomba Mungu amsitiri. Ukuta humsitiri mtu, nguo humsitiri mtu, na jirani aliyeona jambo akanyamaza amemsitiri mwenzake. Na mafundisho ya dini ni kwamba amsitiriye mwenzake naye atasitiriwa. Tazama sarufi yake. Katika maombi hayo yote anayefanya kazi ni yule aonaye, si yule aonekanaye. Aliyekwisha kujua siri ndiye mwenye mzigo. Hapa sitara na faragha zinaachana kabisa: faragha humalizika pale mtu wa pili aingiapo, na sitara huanzia papo hapo. Na hali ya mtu wa leo katika programu nyingi ni hiyo ya pili. Mtu wa pili amekwisha kuingia. Anajua. Swali lililobaki ni atafanya nini na alijualo.

Jambo hili halimo katika maneno tu. Limo katika mawe. Nyumba ya kale ya mawe ya Amu na Pate ilijengwa kwa daraja. Mbele kuna daka lenye vikao vya mawe, ambapo mgeni asiyejulikana hukaa na kusema haja yake. Kisha huja tekani, kipito kilichopindwa ili aliye nje asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Kisha kiwanda, kisha misana miwili, na baada yake ndani, halafu chumba cha ndani kabisa. Kila mtu ana kikomo chake kwa kadiri ya ujamaa wake, na hapana aambiwaye kikomo hicho kwa maandishi. Programu za simu nazo zina milango, lakini milango yake ni michache na mikavu: waone watu wote, waone waliomo katika daftari la simu yako, au asione mtu. Mjomba, mwalimu wa madrasa, mnunuzi wa samaki na mtu uliyesafiri naye mara moja katika mashua ya kutoka Amu, wote wamo katika daftari moja. Ni nyumba yenye daka na chumba cha ndani, na katikati hapana kitu.

Aidha, katika nyumba ile mgeni hupiga hodi, na kwa kupiga hodi yeye ndiye ajitajaye. Mwenyeji huuliza ni nani, mgeni hujibu, na asipojibiwa hurudi. Katika programu utaratibu umegeuzwa. Mwenyeji ndiye anayeandikishwa jina, tarehe ya kuzaliwa na nambari ya simu, na aingiaye hajitaji. Maandishi marefu ya masharti huja yakiwa kama hodi, lakini ni hodi ya mtu ambaye amekwisha kukaa sebuleni. Ukimkatalia, nyumba yote hufungwa nawe ukabaki nje.

Uzito wa jambo hili hauonekani vyema penye maneno makubwa. Unaonekana penye nambari ya simu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, nambari imekuwa ndiyo njia ya malipo, na baadaye ikawa ndiyo ufunguo wa WhatsApp na wa programu nyingine nyingi. Tuchukue mfano wa mama auzaye mahamri hapo Faza. Anataka kulipwa, basi anatoa nambari. Mnunuzi alipapo hupata jina lake kama lilivyosajiliwa. Akiihifadhi nambari ile huweza kuona, kama mama huyo hakubadilisha mipangilio, picha aliyoiweka kwa ajili ya dada zake siku ya harusi. Mama huyu hakumwonyesha mtu picha. Aliuza mahamri. Programu mbili, ambazo kila moja peke yake yaweza kuwa na sera nzuri ya faragha, zimekutana kwa nambari moja, na zilipokutana picha imetoka ndani ikafika dakani. Kumwambia kwamba angalikagua mipangilio yake ni kumlaumu mwenye nyumba kwa kuwa fundi hakujenga tekani.

Ushairi wa pande hizi umelifahamu tatizo hili mapema. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate na mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utendi wake mnamo 1858 kwa ajili ya binti yake. Ni maneno ya mama mgonjwa kwa mwana mmoja, na ndani yake mna habari za maradhi yake na za maisha yake na mumewe, mambo ambayo hayasemwi barazani. Lakini mwishoni mtunzi mwenyewe anafungua mlango: anawaita wanawake wote wasome. Na anapofika mahali ambapo watunzi wengi wa tenzi hutaja jina na nasaba yao, yeye anajieleza tu kuwa ni mtu mpweke mwenye majonzi. Yaani alichagua. Aliyatoa mausia akalisitiri jina. Jina, mume na ugonjwa uliomwua vimetufikia kwa kupitia wengine, wanukuzi na jamaa na baadaye watafiti, hata utendi ulipochapishwa kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934 ukiwa chini ya jina lake. Kwa istilahi zetu za juu, aliandika tawasifu yake kwa kipimo alichokitaka, na wengine wakamwandikia wasifu. Sisemi walifanya vibaya. Bila yao tusingekuwa naye. Nasema kwamba hao wanukuzi walijulikana, na binti yake alikuwako, aliweza kuulizwa.

Kisa cha Fumo Liyongo, kama kilivyotungwa na Muhamadi Kijuma mwaka 1913, chatoa somo kali zaidi. Liyongo akiwa kifungoni Pate anamwimbia mjakazi Saada mbele ya walinzi, na walinzi wanasikia kila neno wasielewe kwamba mama ameagizwa kuoka mkate wa wishwa na kutia tupa ndani yake. Maneno yako wazi, maana imesitirika. Wahandisi wa leo wanaosifu ujumbe uliofungwa kwa fumbo hawajasema jambo geni. Lakini Liyongo yule yule aliyewashinda walinzi anauawa kwa swali la mwanawe, anayetaka kujua ni kitu gani kinachoweza kumwua. Anamwambia: ni sindano ya shaba, kitovuni. Mtoto alikuwa amekwisha kuahidiwa vyeo na mfalme wa Pate. Hapa hapana kufuli lililovunjwa. Habari ilitolewa kwa mtu aliyestahili kuijua, naye akaipeleka kwa mtu mwingine kwa malipo. Uvujaji mwingi wa habari za watu siku hizi ni wa namna hiyo, na neno la siri liwe refu kiasi gani halizuii.

Kuna pingamizi ambalo ni lazima lijibiwe, na wasomaji wa jarida hili watakuwa wamekwisha kulifikiria. Je, sitara si neno la waungwana? Ndilo. Nyumba ya mawe yenye misana haikuwa ya kila mtu. Walio wengi waliishi katika nyumba za udongo na makuti, zilizosongamana hata kikohozi cha jirani husikika. Wanawake wa kiungwana wa Amu walipita njiani ndani ya shiraa, hema la nguo lililobebwa na wajakazi, na wajakazi wenyewe walikuwa nje ya hema, wakionekana na kila apitaye. Sitara ya bibi ilichukuliwa mabegani mwa mtu asiye na sitara. Aidha neno hilo limetumiwa, na hutumiwa bado, kuzifunika dhuluma za ndani ya nyumba, mwanamke akaambiwa asitiri asemapo ukweli. Hayo yote ni kweli, na mhakiki anayelisifu neno bila kuyataja anauza historia.

Lakini pingamizi hilo linatuonyesha kitu ambacho neno faragha linakificha. Sera za programu husema na "wewe" mmoja, kana kwamba watumiaji wote wako sawa. Hawako sawa. Mwenye simu yake peke yake anaweza kuitenga akaunti ya kazi na ya nyumbani. Familia yenye simu moja inayopita mikono mitano haiwezi, na mipangilio ya binti ni mipangilio ya baba. Awezaye kulipa hununua programu isiyo na matangazo. Asiyeweza hulipa kwa kutazamwa. Shiraa bado ipo, na wabebaji wake bado wako nje.

Na si makampuni tu. Mwaka 2019 Serikali ya Kenya iliandikisha watu kwa ajili ya Huduma Namba, nambari moja ya kuunganisha kumbukumbu zote za mtu. Sheria iliyouanzisha mfumo huo iliruhusu hata vinasaba na mahali mtu akaapo kwa vipimo vya satelaiti. Shauri lilipelekwa mahakamani na Nubian Rights Forum na wengine, na tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ikayafuta hayo mawili, ikaamuru kwamba mfumo usiendelee pasipo kanuni kamili. Sheria ya Kulinda Data ilikuwa imekwisha kupitishwa Novemba 2019, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliona kwamba kadi zilitolewa kinyume chake, kwa kuwa hapakufanywa kwanza tathmini ya madhara. Mwaka 2023 ikaja Maisha Namba.

Kwa Faza jambo hili lina uchungu wake. Kwa miaka mingi waombaji wa vitambulisho wa sehemu za mpakani walisimamishwa mbele ya kamati wakahojiwa nasaba zao, na Wabajuni, ambao jamaa zao wamekuwa wakiishi hadi Chula na Kismayu, waliyajua mahojiano hayo vizuri. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa usaili huo wa ziada. Nasaba ambayo mtunzi wa utenzi aliiweka mwisho wa kazi yake kwa fahari, mbele ya kamati iligeuka kuwa tuhuma ya kujibiwa. Ni habari zile zile. Kilichobadilika ni nani anauliza, na kwa nini.

Zingatia majina pia. Mtu wa Faza ana jina lake, la babake na la babuye. Ana lakabu ya baharini. Mkewe huitwa kwa jina la mwana wao wa kwanza. Fomu za programu hutaka jina la kwanza na jina la mwisho, na la mwisho likawa la babu ambaye huenda alikufa kabla mjukuu hajazaliwa. Athman wa kitambulisho ni Othman wa benki na Uthman wa hati ya madrasa. Mashine huona watu watatu, au huona mmoja mwenye hila. Mji wenyewe uliitwa Rasini na wenyeji wa zamani, na Wareno wakauandika Ampaza, wala hapana aliyeudhani kuwa unadanganya. Kuwa na majina mengi kwa watu mbalimbali ni adabu ya kale ya kujigawa kwa kadiri ya anayeita, na wale wanaotaka kila mtu awe na wasifu mmoja wa kweli katika programu zote hawajatuambia bado ni kweli ya nani.

Yafaa kukiri kwamba sheria ya 2019, ingawa yatumia lugha ya faragha, kwa moyo wake iko karibu zaidi na sitara. Inamtwika mzigo yule aliyezishika habari: asichukue zaidi ya haja, asizitumie kwa jambo jingine, azifute zisipohitajika. Hayo ni masharti ya asitiriye. Wanasheria wamefika huko kwa njia yao, na sisi wa idara za lugha tumebaki nyuma yao tukijadili kama tuseme nywila au nenosiri.

Sipendekezi faragha ifutwe katika kamusi; imekwisha kukaa, na mahali pa upweke pahitaji jina. Napendekeza jambo dogo zaidi. Katika kila programu kuna ile sentensi ya kwanza ya sera, isemayo kwa namna hii au ile: tunathamini faragha yako. Mtafsiri wa pwani na aiandike upya iwe: tutakusitiri. Sentensi hiyo ina mtenda, ina mtendwa, ina wakati ujao, na kila ajuaye Kiswahili anajua asemaye hivyo amejifunga kwa nini. Kisha aipeleke kwa wenye programu, asubiri kuona kama wataitia sahihi.